Nguo Nyeusi kwenye Ziwa la Tuz

Watu wanaopima mwanga juu ya chumvi huvaa nyeusi. Sababu yake ni ya kawaida: shati jeupe hurudisha mwanga wa jua, mwanga huo huangukia kipimo, na kipimo hudanganya. Ndiyo maana asubuhi ile tulisimama watatu katikati ya Ziwa la Tuz, ziwa la chumvi la Uturuki lililokwisha kukauka kwa kiangazi, weusi kuanzia kofia hadi viatu, kimya, vichwa tumeviinamisha. Miguuni petu lilikuwapo sanduku refu jeusi la vifaa. Kando yake ulisimama ubao mweupe wa kulinganishia, umefunikwa shuka.

Mkuu wetu, Daktari Perihan Uslu, alikuwa anaisubiri kamera yake. Kamera hiyo ilikuwa angani, ndani ya setilaiti, naye aliisimamia tangu ilipokuwa michoro mezani. Sasa wakubwa kule Ankara walidai inaiona dunia kuwa na giza kuliko ilivyo. Kazi yetu ilikuwa kupima ung'avu wa chumvi wakati uleule kamera inapopita juu na kuitazama. Hesabu zetu na zake zikitofautiana kwa zaidi ya sehemu tano kwa mia, itazimwa. Perihan alikuwa na hakika kwamba ni nzima.

"Mwalimu, tuna wageni," Dursun, dereva wetu, alimwambia Perihan.

Ulikuwa msafara wa harusi, umeegesha pembeni ili bibi harusi apigwe picha kwenye weupe ule. Zumari na ngoma vilitangulia. Kisha mpiga zumari akatuona, akaishusha katikati ya wimbo. Ngoma ikanyamaza. Wanawake wakavuta mitandio. Msafara ukaendelea kuja, ila sasa kwa mwendo wa makaburini.

Mbele alikuwa Mzee Zülfikar, babu wa bwana harusi, imamu mstaafu ambaye kwa dalili zote kustaafu hakukumpendeza.

"Mungu akupe subira, binti yangu," alimwambia Perihan. "Ni nani?"

Perihan alikuwa anatazama saa. Aliyejibu ni Dursun.

"Bado hajafa, mzee. Ndiyo daktari anampima."

"Yuko wapi?"

Dursun akaonyesha angani. "Yuko njiani, anakuja."

Mzee akatazama juu, kisha akamtazama Dursun kwa huruma. "Pangeni safu," aliwaambia watu wake.

Wakapanga safu, kwa unyenyekevu mkubwa, juu ya kipande kilekile cha chumvi tulichotakiwa kukipima. Bibi harusi na gauni lake akasimama hatua chache kutoka kwenye ubao.

"Mdogo wangu, sogea," Perihan alimwambia. "Unang'aa kupita kiasi."

Bibi harusi akamgeukia mumewe. "Umesikia? Na huyu ni daktari."

"Sogeeni nyote, mpaka barabarani. Hapa hakuna maiti. Kuna kamera," Perihan akaongeza.

"Msiba unampata mtu kichwani," Mzee Zülfikar aliwanong'oneza wenzake. "Twendeni, tumwachie nafasi."

Wakaondoka taratibu. Kamera ikapita, bila kuonekana, kama ilivyo kawaida yake. Tulipima ubao, tukapima chumvi, tukaurudia ubao.

Tulipofika barabarani tukakuta chakula cha harusi kimetandazwa, na sisi ndio tuliotengewa kwanza.

"Mfiwa hapiki," bibi mmoja aliniambia, akinijazia pilau. "Kula, mwanangu, marehemu hatarudi kwa kufunga kwako."

Simu ikaja kutoka Ankara na hesabu za kamera. Perihan aliziweka kando ya zetu, akazitoa moja kwa nyingine.

"Saba kwa mia," alisema.

Dursun akamsogelea. "Sema ni bibi harusi. Gauni lile linapofusha tai. Nani atabisha? Watatupa siku nyingine."

"Gauni lilikuwa huku barabarani, mbali na vipimo. Halihusiki."

"Mwalimu, nani atajua?"

"Mimi." Akapiga simu. "Izimeni," alisema, kisha akakaa na sahani ya vitamutamu vya baklava mapajani, bila kula.

Mzee Zülfikar alikuwa amesikia. "Sasa amekufa?"

"Sasa ndiyo."

Mzee akainuka na kufuta mikono, kwa utulivu wa mtu aliyekuwa sahihi tangu asubuhi. Safu ikapangwa upya. Akamgeukia Perihan na swali la kila maziko.

"Mlimjuaje marehemu?"

Perihan alifikiri. Swali aliliona la haki.

"Kwa miaka tisa hakukosea zaidi ya sehemu mbili kwa mia. Baada ya hapo macho yalianza kufifia, nami sikutaka kuona."

Mzee akawageukia watu. "Anasema alikuwa mwema."

"Tulimjua kwa wema," safu nzima ikaitikia, bibi harusi kwa sauti kuliko wote. Mpiga zumari alihesabu muda wa heshima, akaanza tena palepale alipokatiza, na Perihan akaila baklava yake.