Kitanda cha Kwa Mama Francis

Mpaka leo nikisikia kigelegele nauliza kwanza ni cha nini. Watu hucheka, wakidhani natania. Sitanii. Nimekiona kigelegele kimoja kikimtoa mtoto wa watu shuleni, na aliyekipiga hakuwa na ubaya wowote moyoni. Hilo ndilo linalonikera zaidi. Angekuwa mbaya, ningepata wa kumchukia nikapumzika.

Shule yetu ya pale Kilwa Masoko ilikuwa na desturi ya wosia. Kila mwaka siku ya mahafali, hotuba zikiisha na kwaya ikikaa, wanaomaliza kidato cha nne walisimama mmoja mmoja kuwarithisha wadogo zao wanachoacha. Walijifanya wako mahututi. Huyu anakohoa, yule anaegemea kiti kama mzee wa kiuno. "Mimi Lukas, nikiwa na akili timamu, kwa kadiri hesabu zilivyonibakizia, namrithisha Alex wa kidato cha pili viboko vyote ambavyo mwalimu wa zamu hajamaliza kunichapa." Aliyetajwa ilimlazimu kusimama, akinge viganja vyote viwili, aseme, "Nimepokea." Hakuna kukataa. Hata ukirithishwa kunguni, unapokea.

Lakini ndani ya mzaha ule mlikuwa na kitu cha kweli. Shule haikuwa na bweni. Watoto wa mbali walikaa kwenye nyumba za watu mjini, wakichota maji na kutwanga ili wapewe mahali pa kulala, na nafasi hizo zilipita kwa wosia. Kitanda cha kamba kilichokuwa kwa Mama Francis, nyuma ya soko, Stefania wa kidato cha nne alikipata kwa msichana aliyemtangulia, na huyo naye alirithishwa vivyo hivyo. Mama Francis alikuwa mjane, mcheshi, mpenda ugoro. Hakuna aliyewahi kumuuliza, wala yeye hakuwahi kukataa. Msichana mmoja akitoka, Januari mwingine anaingia na ndoo yake, mama anamwonyesha kisima kilipo.

Mwaka ule wa tisini na tatu, Martina ndiye aliyekihitaji kitanda kile. Yeye alikuwa kidato cha pili, mimi cha tatu, na tulirudi nyumbani njia moja. Alikuwa na tabia ya kusimama katikati ya njia, akaokota kijiti, akachora pembetatu mchangani kunionyesha mimi, aliyeniita dada kwa kumtangulia darasa, nilipokosea darasani. Nilikuwa nikimwambia atatukanyagisha na baiskeli. Alikuwa anasema baiskeli zitazunguka.

Baba yake, Mzee Damiani, alikuwa Mmakonde wa Newala aliyehamia Likawage kufuata ardhi, akalima korosho na ufuta. Martina alikuwa akikaa mjini kwa mjomba wake, Petro, mlinzi wa ghala la korosho. Ghala likafungwa, Petro akapunguzwa. Ndivyo walivyosema siku hizo, mtu amepunguzwa, kana kwamba ni ua linalofyekwa lisizibe njia. Mwisho wa mwaka Petro alikuwa anarudi kwao na familia yake. Martina akikosa pa kulala angerudi Likawage, na Likawage hakukuwa na sekondari.

"Dada Salome," aliniambia tukiwa njiani, "nikikosa kitanda mimi nimekwisha. Nitaolewa nikiwa bado najua kipeuo cha pili cha mia na arobaini na nne."

Nilicheka. Yeye hakucheka sana.

Siku ya mahafali Mzee Damiani alikuja na lori la mbao, amevaa koti zito la kanisani na jua lote lile. Wageni walikuwa wamejaa, akapewa kiti pembeni ya Mama Francis. Zamu ya Stefania ilipofika, alisimama akijishika kifua, sauti imemkauka kwa kujifanya.

"Mimi Stefania, nikiwa katika pumzi zangu za mwisho, namrithisha Martina wa kidato cha pili kitanda changu cha kamba kwa Mama Francis. Pamoja nacho namrithisha kuku anayetagia uvunguni, zamu ya kisimani kabla ya jogoo, na kelele za mama siku akikosa ugoro."

Ukumbi ulivunjika kwa kicheko. Martina alisimama, akakinga viganja. "Nimepokea," alisema. Na Mama Francis, huku machozi ya kucheka yakimtoka, aliinuka kwenye kiti akapiga kigelegele kirefu, akinamama wote wakamwitikia.

Katika ukumbi mzima mtu mmoja tu hakucheka. Mzee Damiani alivua kofia, akainama kidogo kwa Mama Francis, kwa heshima, kama mtu aliyepewa kitu kikubwa. Mama naye akamwinamia, bado anacheka.

Hapa nieleze jambo moja. Mzee yule alikuwa na nafasi nyingine ya akiba. Katekista Sipriani alikuwa amemwahidi kona ya sebule yake, godoro tu litoke nyumbani. Watu kama sisi wa mjini tungekaa kimya na ahadi zote mbili mpaka Januari, tuone ipi itaiva. Mzee Damiani alitoka ukumbini akaenda moja kwa moja kwa katekista, Martina na mimi tukimfuata nyuma.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele na milele, amina. Karibu, Mzee Damiani."

"Sikai, mwalimu. Nimekuja kushukuru. Mtoto amepata kitanda kwa Mama Francis. Ile kona mpe mtoto wa mwingine."

Katekista alimtazama. "Umezungumza na mwenye nyumba?"

"Wosia umesomwa mbele ya watu. Mwenye nyumba alikuwa pale, ubavuni mwangu, na amepiga kigelegele. Kwetu binti akichumbiwa, mama yake akishapiga kigelegele, nani anakwenda kumuuliza tena? Huko ni kumtukana."

"Basi ngoja hata mpaka shule ifunguliwe. Kona haina njaa."

"Vitanda viwili kwa mtoto mmoja," alisema mzee, "na mtoto wa mwenzangu atalala wapi?"

Sote tuliona mzee amesema vizuri. Wiki ile ile kona ile alipewa mvulana wa Njinjo.

Januari Martina alishuka kwenye lori na baba yake, godoro kichwani, ndoo mkononi. Niliwapokea, nikabeba ndoo. Martina alikuwa na maneno mengi njia nzima. Alikuwa amemletea Mama Francis kifurushi cha ugoro na kibuyu cha asali. Alisema yule kuku atamwita Stefania.

Tulimkuta kuku kabla ya kumkuta mama. Alikuwa amelalia mayai yake uani, chini ya kitanda cha kamba kilichoegemezwa ukuta wa choo. Mlango wa chumba cha Stefania ulikuwa na kufuli jipya. Dirishani yalionekana marobota ya mitumba, yamepangwa mpaka darini, na harufu yake ya dawa ilitoka mpaka nje. Siku zile kila kitu kilikuwa ruksa. Mfanyabiashara kutoka Dar es Salaam alikuwa amepita nyumba za nyuma ya soko akitafuta stoo, akalipa kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo. Mama Francis alikuwa hajapata kuona mtu akilipia chumba kile hata senti.

"Shikamoo, mama," alisema Martina, akapiga goti na godoro lake kichwani.

"Marahaba, mwanangu." Mama alitazama godoro, akatazama ndoo, akamtazama mzee. Ndipo alipoelewa, na uso wake ukaharibika. "Jamani. Si ulikuwa mchezo ule? Mimi nilicheka na nyie."

"Mama Francis," alisema mzee polepole, "ulipiga kigelegele."

"Nilipiga, baba. Wala sikukataa. Lakini hakuna aliyekuja kuniuliza, na yule bwana aliniuliza." Aliketi kizingitini. "Nyumba inavuja. Francis yuko Lindi hana kazi. Siku hizi kigelegele hakinunui sukari, Baba Martina."

Nilitamani mzee apige kelele, atukane, hata avunje kufuli. Hakuna kitu kibaya kama mtu mpole anapodhulumiwa na mtu mwingine mpole; hakuna pa kugombania.

"Kitanda kichukueni," alisema mama, akijifuta macho kwa upindo wa khanga. "Hicho ni chake kwa haki, amerithishwa. Chumba ndicho kimenitoka."

Basi tukakichukua. Mzee mbele, mimi nyuma, Martina kando na godoro lake. Tulipita sokoni na kitanda mabegani na watu wakatuuliza tunahamia wapi. Kwa katekista yule mvulana wa Njinjo alikuwa barazani anafua sare yake. Alituamkia vizuri. Katekista alitoka, akakiona kitanda, akashika kichwa.

"Mzee Damiani, nikimtoa huyu nitakuwa mtu gani?"

"Sijaja kudai," alisema mzee. "Mtu akishashukuru harudi kudai. Nimepita kukusalimu tu."

Na kweli alimsalimu, akauliza hali ya watoto, tukaondoka.

Mimi nilikuwa nakaa kwa kaka yangu, chumba kimoja, yeye na mkewe na watoto wawili, pazia katikati. Kitanda hakikupita mlangoni. Tulikiacha nje, Martina akalala na mimi chini nyuma ya pazia, na baba yake akarudi Likawage akisema atatafuta njia. Martina alikuja shule siku chache. Alichora pembetatu zake. Kisha mvua zikaanza, maji yakaingia chumbani, na wifi akaniambia, bila ukali, kwamba watoto wake nao ni watu. Tulizunguka, Martina na mimi, tukibisha nyumba tulizojua wanafunzi walikaa. Karibu kila nyumba chumba cha mwanafunzi kilikuwa kimepata mpangaji: redio, vitenge, baiskeli za kuuza. Walitukaribisha maji ya kunywa. Hakuna aliyetufukuza. Hakuna aliyetupokea.

Lori la mbao liliporudi, mzee alikuja akapakia kitanda juu ya mzigo, akakifunga kwa kamba vizuri, kama bado kina kazi ya kufanya. Martina alipanda akakaa juu yake. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, na sikuona haya. Shuleni mwalimu aliita jina lake asubuhi chache, kisha akaacha kuliita. Asiyekuwepo na lake halipo.

Mwaka huo nilimaliza. Siku ya mahafali, Leonadi aliyenitangulia kwenye mstari aliwarithisha watu miwani iliyovunjika na bao lake la drafti, watu wakacheka kama kawaida. Zamu yangu nilisimama nikasema sina kitu cha kuacha. Walidhani ni sehemu ya mzaha, wakacheka hapo pia.

Miezi kadhaa baadaye nilichaguliwa kidato cha tano bara. Basi la Dar es Salaam lilisimama Somanga, abiria wakashuka kula. Kando ya barabara akinamama walikuwa wamepanga samaki wa kukaanga juu ya meza. Moja ya meza zile ilikuwa na miguu ninayoijua. Mguu mmoja ulikuwa na kovu la msumari ulionichana kidole siku ile tulipokibeba kupita sokoni. Kamba zilikuwa zimetolewa, mbao zimepigiliwa juu, na juu ya mbao walilala changu na vibua.

Martina alikuwa nyuma yake, mtoto mgongoni. Alikuwa amekonda na mikono yake ilikuwa na makovu ya mafuta. Tulikumbatiana kwa shida, na yule mtoto na ile meza katikati. Aliolewa huko Likawage, mume akamleta Somanga kufuata barabara. Baba yake hajambo. Haji mjini tena.

"Kitanda kimekaa vizuri," nilisema.

"Kinalisha watu watatu," alijibu. Akatazama sanduku langu la bati, lenye jina langu na jina la shule mpya kwa rangi nyeupe. Alilisoma mara mbili. Kisha akajipangusa mikono kwenye khanga, akasimama wima, akakohoa kidogo kama tulivyokuwa tunakohoa ukumbini.

"Mimi Martina binti Damiani," alisema, "nikiwa na akili timamu, namrithisha dada yangu Salome kidato changu cha tatu na kidato changu cha nne. Sijavigusa. Ni vipya kabisa, si mitumba."

Alisema kwa sauti ya mzaha, na macho yake hayakuwa na mzaha wowote. Alingoja. Utingo alikuwa anagonga bodi la basi, abiria wanapanda, nami nikasimama pale na desturi ile ya kijinga imenishika. Hakuna kukataa. Nilikinga viganja vyangu vyote viwili juu ya samaki.

"Nimepokea," nilisema.

Martina akapiga kigelegele. Akinamama wenzake kando ya barabara wakamwitikia, mmoja baada ya mwingine, wakidhani kuna habari njema.