Mpaka Uliokwepa Makaburi

Makaburi ya ukoo wa Mhina yaliangukia ndani ya shamba la jirani, na aliyeyaweka huko ni Mhina mwenyewe. Siku mashamba ya Kwamsisi yalipopimwa, alitangulia kwenye mpaka, mpimaji akafuata na kifaa. Alipofika makaburini akazunguka, kama alivyozunguka tangu utotoni, maana kaburi halikanyagwi. Mstari wa ramani nao ukazunguka.

Sasa Sabiri, jirani yake, alikuwa amekodi trekta alime hadi kwenye mstari huo. Tangu Mhina apate habari hiyo, kila akiinamia jembe alisikia kikohozi cha marehemu mama yake.

Yusra alitoka wilayani kukagua ramani kabla hati hazijatolewa. Akamwambia Mhina atembee upya. Mhina akatembea, miguu ikafika palepale, ikazunguka vilevile.

"Imelingana na ya kwanza, mzee," Yusra alisema akitazama kifaa. "Ramani iko sawa."

"Haiko sawa, mwanangu. Mpaka uko ng'ambo ya wafu wangu. Muulize huyo."

Sabiri alikuwa amesimama kwenye mahindi yake. "Uko ng'ambo, sikatai. Lakini mwenyewe kapita huku, mara mbili."

"Basi niruhusu nipite kwako, pembeni mwa makaburi."

"Kwangu hupiti, Mhina. Wafu umewakimbia, wamenihamia. Nitawapandia mihogo wasilale njaa."

Yusra hakucheka. "Mzee, mimi sichori pasipopitwa. Nikiondoka, inabaki hivi."

Mhina akavua kandambili. Akawatolea salamu walio chini, akaingia makaburini, akifuata ukingo wa mahindi ya Sabiri. Matuta yalishadidimia, majani yamefunika, na kati ya kaburi na kaburi hapakuwa na nafasi ya mguu. Ni yeye tu aliyejua nani amelala wapi. Udongo ulibonyea. Kikohozi kikaja mara moja, chini ya unyayo wake, kisha kikakatika. Yusra alimfuata, viatu mkononi.

Walipotokea upande wa pili, mstari ulikuwa umenyooka, makaburi yamerudi kwa Mhina. Sabiri akautazama kwenye kifaa, akaondoka bila kuaga.

Kwa mpaka huo Mhina alimkanyaga babu yake, akawakanyaga shangazi zake wawili, akamkanyaga mama yake kifuani, na mwanawe Mashavu, aliyezikwa hajaota meno. Kaburi la Mashavu ni fupi, lakini alilikanyaga kwa miguu yote miwili.