Mkono Mfupi wa Msusi

"Rangi ya nywele haina macho, Mama Brashi! Shuka lako ndilo lililofuata taulo zangu!"

"Shuka lina miguu?"

"Unaniuliza mimi? Muulize aliyeanika upande wangu!"

Mama Brashi alikuwa amelishika shuka lake jeupe kwa ncha mbili, kalitandaza hewani kama mtu anayeonyesha maiti. Katikati lilikaa doa jeusi lenye ukubwa wa sahani. Ng'ambo ya ua, hatua chache tu, Msusi alisimama kwenye mlango wa saluni yake ya chumba kimoja, kitana mkononi. Nyuma yake mteja, kichwa nusu kimesukwa nusu kimetimka, alikuwa ametoka na kiti chake kabisa ili asipitwe na neno. Kamba ya kuanikia ilikuwa moja, imefungwa kutoka ukuta wa huyu hadi ukuta wa yule, na katikati yake kulikuwa na fundo. Fundo ndilo lilikuwa mpaka. Taulo tatu za saluni, zinadondosha rangi, zilikuwa zimevuka fundo. Au shuka ndilo lililovuka. Hapo ndipo ugomvi ulipokaa.

"Shuka la nyumba hii unalionea," Mama Brashi akasema, "kwa sababu wewe thamani ya shuka utaijulia wapi? Nyumba haijawahi kusikia hata kikohozi cha mtoto!"

Yule mteja akatazama vidole vyake vya miguu.

Msusi hakupandisha sauti. Hilo ndilo lilikuwa baya. "Na wewe uliyezaa, umezaa nini? Binti mzima, kazi yake kuwaandikia watu 'Usikojoe Hapa' ukutani."

Dirishani kwa Mama Brashi, nyuma ya pazia, binti mwenyewe alisikia, na masikio yakamuwaka. Brashi walimwita hivyo kwa sababu ya kazi aliyomfanyia mjomba wake: mabango, vibao vya maduka, milango ya vinyozi, na kweli, kuta. Jina lilimganda mpaka mama yake naye akaitwa kwalo. Kulikuwa na enzi Brashi alikuwa akimwita Msusi "mama mdogo", akiingia saluni bila hodi na kutoka na mdomo umejaa. Enzi hiyo ilikufa kabla ya shuka. Shuka lilikuja kuzika tu.

"Unafanya nini wewe?" alimnong'oneza kijana aliyechuchumaa kando yake, amenyoosha simu kwenye upenyo wa pazia.

"Navuna," Masikio akajibu. "Usinikoholee."

Masikio ndiye aliyeshughulikia sauti katika kikundi chao. Wa tatu, Miwani, alikaa mezani na kompyuta. Yeye aliandika msimbo, yale maagizo yanayoliambia gemu lifanye nini. Mashindano yalikuwa yameanza mchana huohuo wa Ijumaa: kila kikundi kinapewa mada moja, kinatengeneza gemu zima, na Jumapili jioni dirisha la kupokea kazi linafungwa. Ukumbini kulikuwa na joto na watu wengi kuliko viti, kwa hiyo walikuja kwa kina Brashi. Mada ilikuwa Mpaka.

Na Brashi alikuwa na sababu ya kutolala. Studio moja ya michezo ilikuwa imetangaza kwamba itamchukua mchoraji mmoja kutoka mashindano hayo. Kazi ya mezani, ya kalamu ya kompyuta. Hakuna ngazi, hakuna jua la kisogoni, hakuna mjomba anayepiga kelele kutoka chini kwamba herufi ya K imelala.

"Mada si hiyo hapo nje?" akasema, akichomoa kalamu. "Majirani wawili. Kamba moja. Kila mmoja anavutia kwake, anarusha vibanio, nguo zinateleza. Atakayejaza upande wake kwanza kashinda."

Miwani akacheka mpaka miwani ikashuka puani. "Na sauti tumeshapata."

Brashi akaanza na Msusi. Alimchora kwa hasira, na hasira ilimpa mkono mwepesi: mdomo mpana kama mlango wa gereji, kilemba kimepinda, na mikono miwili mifupi kama ya kuku aliyenyonyolewa. Mama yake alimchora upande wa kushoto, mrefu, amenyooka, mikono inafika popote. Alipomaliza alijisikia kama mtu aliyejibu tusi baada ya kutafuta jibu kutwa nzima.

Hakuna aliyewaza kwamba msimbo wa Miwani ulipima umbali wa kurusha kibanio kwa urefu wa mkono uliochorwa. Alifanya hivyo ili kuokoa muda. Basi yule mama wa kushoto akawa anashinda, anashinda, anashinda tu, nao wakadhani ni kwa sababu Brashi ndiye mchezaji hodari, maana kila mara alikaa kushoto.

Jumapili mchana mratibu wa mashindano, mama mmoja asiyependa mchezo hata katika michezo, alilijaribu gemu lao ukumbini. Kila kibanio kilipogonga, mwanamke wa kulia alifoka: "Unaniuliza mimi? Muulize aliyeanika upande wangu!" Meza za jirani ziligeuka. Watu walicheka. Mtu wa studio, aliyekuwa akipita na kikombe, alisimama.

"Mwigizaji huyu mmempata wapi?" mratibu akauliza.

"Jirani," Brashi akasema.

"Anajua kwamba yumo?"

Masikio akaanza kufunga kamba za viatu ambavyo havikuwa na kamba.

"Sheria mlisoma wenyewe," mratibu akasema. "Sauti ya mtu ni ya mtu. Kabla dirisha halijafungwa nataka anipigie simu, aniambie kwa mdomo wake kwamba ameridhia. Akikataa, itoeni. Mkiileta hivihivi, gemu lenu linatoka."

Brashi akabeba kompyuta akaenda nyumbani peke yake. Saluni ilikuwa imejaa. Jumapili pale hapakosi watu, wenye kusukwa na wenye kuja kusikiliza tu. Alipokanyaga kizingiti, mazungumzo yalikatika kama umeme.

"Leo umekosea mlango," Msusi akasema bila kugeuka.

"Nimekuja kukuomba kitu."

"Ukuta wangu umeshaandikwa."

Wateja wakaguna. Brashi akaeleza: mashindano, gemu, sauti. Alipofika kwenye sauti, kitana kilisimama kichwani mwa mteja.

"Mlinirekodi? Mimi? Kwangu? Weka hapa nione."

Kompyuta ikawekwa kwenye meza ya mafuta, kati ya makopo. Msusi akapangusa vidole, akaonyeshwa vitufe, akacheza na Brashi, saluni nzima imewaegemea mabegani. Akarusha kibanio. Kikaanguka katikati. Sauti yake mwenyewe ikatoka ndani ya mashine ikifoka, na wateja wakapiga yowe la furaha.

"Ni wewe, shoga! Ni wewe kabisa!"

"Kelele, najua ni mimi." Akashindwa. Akaanza tena, akashindwa. Mara ya tatu akaacha kutazama nguo, akasogeza uso kwenye kioo cha kompyuta. "Mkono wangu ndio huu?"

Brashi akasogeza kopo la mafuta.

"Nakuuliza, huu ndio mkono wangu? Mkono huu umesuka nusu ya vichwa vya mtaa, na chako kikiwemo, ukiwa unalia kamasi hadi kidevuni. Leo haufiki hata kwenye fundo?"

"Atashindaje sasa?" mteja mmoja akadakia. "Hata akirusha na ukoo wake hawafiki."

Ndipo Brashi naye akaona. Alitazama mchoro wake kama anautazama kwa mara ya kwanza, akaona kwamba hakutengeneza mchezo. Alitengeneza kipigo.

"Na kelele zangu zimo zote," Msusi akaendelea. "Za mama yako ziko wapi? Siku ile alikuwa bubu?"

"Tulizipunguza."

"Lile la kikohozi mlilipunguza?"

Mashine ya kukaushia nywele iliendelea kuvuma juu ya kichwa cha mtu.

"Sikia," Msusi akasema. "Nitampigia huyo bosi wenu, nitasema ndiyo. Lakini mkono wangu urefuke, na mama yako naye asikike. Lile lile neno. Mimi nimeshalisikia. Zamu yake."

Mama Brashi alikuwa anakunja nguo kitandani. Shuka halikuwemo. Brashi hakuzunguka, alibonyeza. Sauti ya mama yake ikajaa chumba: *Nyumba haijawahi kusikia hata kikohozi cha mtoto.*

"Zima."

"Mama, nahitaji useme tu kwamba..."

"Nimesema zima! Unakwenda kuuliza kwa yule, halafu unarudi kunisuta ndani ya nyumba yangu?"

"Sikusuti. Ni sauti yako."

"Nilikuwa na hasira. Ya mtu mwenye hasira si sauti yake." Aliikunja blauzi hiyohiyo mara ya pili. "Ukiipeleka sauti yangu huko wakaicheka, huku usirudi."

Ukumbini wenzake hawakutaka hadithi ndefu. "Kwa hiyo jibu ni ndiyo au hapana?" Miwani akauliza.

"Ni hapana. Tunatoa sauti zote mbili. Na mkono namrefushia."

"Umerogwa," Masikio akasema. "Sikiliza. Binamu yangu anaweza kupiga simu sasa hivi, anajifanya huyo jirani. Mratibu atamjulia wapi? Dakika moja tu, tumemaliza."

Brashi alimtazama mtu wa studio, aliyekuwa meza ya pili, kikombe chake kimeshaisha. Aliliwaza wazo lile. Hakulikataa haraka kama ambavyo angependa kusema baadaye. Kisha alishika kalamu, akafuta ule mkono wa kuku, akachora mwingine: kiwiko, kiganja kipana, na vidole virefu vinavyojua kugawa nywele mistari minyoofu bila kioo.

"Gemu bubu halimpi mtu kazi," Miwani akasema.

"Najua."

"Basi ujue na hili: na sisi tumekesha."

"Najua, nimesema!"

Liliingia likiwa bubu, dirisha likafungwa. Mtu wa studio alilicheza, akalirudia, safari hii akakaa kulia, akashinda. "Mchoro una mkono," alimwambia Brashi. "Ila wanaonekana wamekasirika, na siwasikii. Mchana niliwasikia." Nafasi akapewa msichana mwingine, aliyechora ukuta unaotembea. Masikio aliondoka bila kwaheri. Miwani aliaga kompyuta yake tu.

Jua lilikuwa linazama Brashi alipoingia uani. Kamba ilikuwa tupu. Mlango wa kwao ulikuwa umefungwa kwa komeo la ndani, na redio imefunguliwa hadi mwisho.

"Mama, fungua."

"Nenda kwa uliyemrefushia mkono!" ikatoka juu ya redio.

Wateja wale. Walikuwa wamekwenda na vichwa vipya na habari mpya, na habari ilifika nyumbani kabla ya mwenyewe. Brashi aligonga tena. Redio ikaongezwa, ijapokuwa ilikuwa imeshafika mwisho.

Nyuma yake ufagio ulikuwa unakwaruza. Msusi alikuwa anasukuma nywele za siku nzima nje ya kizingiti, rundo jeusi kama paka aliyelala.

"Ulirefusha?"

"Nilirefusha."

"Na sauti?"

"Nimezitoa. Yako na yake."

"Kazi je, wamekupa?"

"Hawakunipa."

Msusi alifagia. Brashi alingoja neno la kumfariji na halikuja. "Usidhani nakuhurumia," Msusi akasema. "Mlinichungulia kama wezi. Lile la kuta nililosema Ijumaa sijalifuta, na hilo shuka silifui."

"Sikukuomba ulifue, mama mdogo."

Ufagio ukasimama. Msusi akaegemea mpini, akamtazama msichana, halafu akalipita bega lake kwa macho, mpaka kwenye ule mlango uliofungwa. Kitu kilipita usoni mwake, na upole haukuwa peke yake ndani yake. Akavuta pumzi, akapandisha sauti ile ile ambayo hakuipandisha Ijumaa, sauti ya kuvuka fundo, kuvuka redio na kupita kwenye komeo:

"Vua viatu, uingie ule, mwanangu!"