Kwenye Kiti cha Mama Mdogo

…na mdomo wenyewe si wake tena, tangu ile sindano ya ganzi shavu la kushoto limekuwa la mtu mwingine, zito, halina habari, na juu yake taa, na kando ya taa macho ya mama mdogo juu ya barakoa, macho yaleyale ya mama yake mzazi ila haya yamezoea kuchungulia watu vinywani, "fungua zaidi, baba, hapo hapo, usihame," na yeye anafungua zaidi, miaka ishirini na minne, mtu mzima na ndevu zake, anafungua akiambiwa afungue na atafunga akiambiwa afunge, ndivyo alivyoishi siku zote kwa kweli, darasa hadi darasa, chuo, cheti cha utawala wa biashara ambacho mama amekitundika sebuleni pembeni ya kalenda, halafu kimya, hakuna aliyemwambia kitu tena, na huu mwaka wa pili yuko duka la rangi, kwa muda tu, alisema siku ya kwanza, na mwenye duka akacheka, akampa aproni, akasema hata mimi nilikuja kwa muda… mashine inalia, mama mdogo anasema juu ya kelele na maneno yanamfikia nusu nusu, "…mafundi wa meno ya bandia, miaka mitatu tu… mkuu wa chuo nimesoma naye… mwisho leo saa kumi, ukitoka hapa unatia sahihi, mimi naipeleka mwenyewe," na fomu ipo pale, anaiona kwa pembe ya jicho, juu ya kabati, imewekewa taya la plasta isipeperushwe na feni, taya linacheka, lina meno yote thelathini na mawili, halina shida na mtu… imeshajazwa yote kwa mwandiko wa mama mdogo, jina, tarehe ya kuzaliwa, shule, hata pale palipoulizwa mwombaji anapenda nini, ameandika kusoma na kusafiri, mtihani huu, yeye kitabu cha mwisho alikishika akibania mlango usigonge, na safari yake ndefu ni kutoka kitandani mpaka dukani… "unaumia?" hapana, anatikisa kichwa, "usitikise kichwa!" haya.

Na kama angejaza mwenyewe pale angeandika nini, hebu, kona ya mkate, angeanza na hiyo, ile kona ngumu anayoimega njiani mkate ukiwa bado na moto, na mama kila jioni analalamika kwamba duka lile la mikate lina panya, na karanga kwenye ngazi na jirani wa chini, dereva mstaafu, anayesikiliza mpira redioni na kumbishia mtangazaji utadhani wako wote uwanjani, na kupiga pasi mashati matano Jumapili jioni, kola kwanza, siku zote kola kwanza, na kukoroga rangi, Mungu wangu, kutia tone la nyeusi kwenye kopo la nyeupe na kuuona ule mstari ukizunguka kabla haujapotea… juzi alikuja bibi mmoja na kipande cha plasta kilichobanduka ukutani, akasema nataka hiihii, mume wangu ndiye aliyeipaka, na yeye akakoroga kuanzia asubuhi hadi saa saba, akapaka kidole kimoja juu ya kile kipande na haikuonekana ilipoanzia, bibi akakipapasa kwa kidole gumba, na yeye siku nzima alikuwa mwepesi… lakini hivyo si vitu vya kuandika kwenye fomu, huwezi kumwambia baba ukiwa mezani kwamba unapenda kukoroga, baba ambaye ameshawatangazia wenzake kazini kwamba kijana wake anaingia kwenye udaktari, udaktari gani, meno ya plastiki, na amechoka, hilo ndilo hasa, si mvivu, amechoka kuulizwa unataka nini na kukosa jibu, hata yule msichana aliyekuwa naye aliuliza mpaka akachoka, akaenda zake kwa mtu mwenye majibu, basi atie sahihi, yaishe, miaka mitatu watamwacha apumue… "mate," anasema mama mdogo, na nesi anasogeza bomba la kunyonyea, linagugumia shavuni, na nesi huyu, msichana mgeni mwenye wiki mbili tu hapa, anauliza juu ya kelele, "daktari, wewe ulipenda meno tangu utotoni?"

"Meno?" Mama mdogo anacheka ndani ya barakoa. "Nani anapenda meno? Kaka yangu alileta fomu nyumbani, nikaitia sahihi nikisukwa nywele, wala sikuisoma. Nikazoea. Mwaka wa ishirini na mbili huu." "Ulikuwa unataka nini?" anauliza nesi, na mashine inazimwa, macho yale yanahama kutoka kwenye jino, yanatazama ukutani ambako hakuna kitu, yanakaa huko, "sijui, mwanangu, hakuna aliyeniuliza, na mimi sikujiuliza… nisogezee taa," anasema kama mtu aombavyo chumvi, na mashine inawaka tena… nikazoea, mama mdogo huyu, ambaye kila kikao cha ukoo wanamnyooshea kidole, muone mama yako mdogo, mwanamke mwenye msimamo, na yeye miaka yote akimwonea wivu akidhani alizaliwa anajua, kumbe alikuwa anasukwa nywele, na anampenda, mikono hii haijawahi kumuumiza, na ameogopa, si kwa ajili ya jino, ameogopa neno lile dogo, maana analisikia tayari katika mdomo wake mwenyewe, siku atakapokuwa na miaka arobaini na sita, ameshika taya la mtu, anamwambia msichana fulani nikazoea… basi hapana, hapana, mama mdogo, naomba uniwie radhi, na akiulizwa sababu hana, na akiulizwa badala yake ni nini hana vilevile, baba atakula wiki nzima bila kusema naye, kesho saa mbili atavaa aproni, hana mpango, bado amechoka, lakini hapana, analijaribu na ulimi haunyanyuki, inatoka sauti ya ndama, "tulia, baba, bado kidogo," na taa machoni, na bomba linagugumia, na kidole cha mama mdogo kimeshikilia mdomo wazi, na yeye, kwa mara ya kwanza katika miaka miwili, ana haraka.