Ubavu wa Kulia

Daktari alipotamka neno mafuta, Shoka alinyanyua kiti akakibamiza ukutani hadi mguu mmoja ukachomoka.

"Mimi nina mafuta? Mimi?" alifoka. "Fahali namwangusha peke yangu!"

"Kuangusha fahali hakusafishi ini," daktari alimjibu. Alikuwa mama mfupi asiyecheka ovyo, na hakurudi nyuma hata hatua moja. "Thelathini kwa mia ya ini lako ni mafuta. Presha iko juu, sukari nayo imeanza kupanda. Nikikukata hivi ulivyo, wewe utafia mezani na dada yako atafia kitandani. Niletee ini lenye mafuta chini ya kumi. Una wiki kumi. Zaidi ya hapo yeye hatafika."

Dada yake mkubwa alikuwa wodini, chumba cha pili, macho ya njano na tumbo limejaa maji. Ugonjwa ulikuwa umelimaliza ini lake. Ndiye aliyembeba Shoka mgongoni mama yao alipofariki, yeye mwenyewe akiwa mtoto wa miaka kumi. Sasa alihitaji nusu ya ini la mtu mwingine ili aishi, na katika ukoo mzima waliopimwa, aliyefaa alikuwa huyu huyu mchinjaji mwenye hasira za karibu.

Mlangoni alisimama shemeji yake, mume wa dada, na taya lake la upande. Alikuwa mchunaji wa ngozi kwenye machinjio yale yale alikochinja Shoka. Miaka kumi na moja nyuma alimpiga mkewe kofi, moja tu, na kabla jua halijazama kaka mtu alikuwa ameshamvunja taya kwa mpini wa shoka. Jina lilitokea hapo. Tangu siku ile wawili hao walifanya kazi wakitazamana kila asubuhi, na salamu hakuna.

"Mwachieni mimi," shemeji alisema. "Nitamkondesha."

Loo, alimkondesha! Kila alfajiri alikuwa mlangoni na fimbo ya kuswagia ng'ombe. "Amka, fahali!" Alimkimbiza kuuzunguka ukuta wa machinjio mara nne, kisha sita, kisha kumi. Shoka akisimama kuhema, fimbo ilimtandika kwenye vigimbi vya miguu. Shoka naye hakuwa wa kuchapwa akanyamaza. Mara mbili walivaana wakatumbukia mtaroni, wakatoka wamelowa maji machafu, wakaendelea na mbio huku wakitukanana. Soda zote nyumbani kwa Shoka shemeji alizipasua kizingitini, chupa baada ya chupa. Mafuta ya kukaangia aliyamwaga mferejini. Mchana ikawa maharage, mboga za majani na samaki wa kuchemsha.

"Leo fahali kaletewa majani!" mbeba nyama mmoja alimtania. Shoka alimpiga kichwa, jino likaruka. Hakutaniwa tena.

Wiki ya tano wakapima. Ishirini na nne. Jioni hiyo hiyo dada alitapika damu, nusu beseni, na Shoka aliliona beseni lile likipitishwa mbele yake. Akachanganyikiwa. Wiki tano zimeondoa sita tu, sasa zilizobaki zitaondoa ngapi?

Hapo akawaza kichinjaji. Kule kazini mnyama hunyimwa chakula siku moja kabla ya kisu, ili tumbo liwe safi. Kama siku moja inasafisha tumbo, Shoka alijiambia, siku kumi zitashindwaje kusafisha ini? Hakumwambia mtu. Maharage akawa anawapa mbwa. Alikunywa maji na chai ya rangi tu, na mbio akakimbia vile vile, huku akiona kizunguzungu. Sijui nimweleze vipi mtu wa namna hii. Alimpenda dada yake kijinga, basi.

Siku ya nane lililetwa kundi ambalo lori lake lilikuwa limeharibika njiani. Ng'ombe wale walikuwa wamekaa siku nane bila malisho. Shoka alimchinja jike mmoja aliyekuwa amenona kuliko wote, akampasua, akatia mikono ndani. Ini lililotoka lilikuwa la njano, laini, kidole gumba kikazama ndani bila kusukumwa. Mkaguzi wa nyama alilichana msalaba akalitupa kwenye pipa la taka.

"Mnene akishindishwa njaa ghafla, mafuta ya mwili hukimbilia ini," mkaguzi alisema, kama alivyosema mara zote. Shoka alikuwa ameyasikia maneno hayo kwa miaka ishirini. Leo alikaa kitako kwenye damu.

"Una nini wewe?" shemeji aliuliza.

"Sijala."

"Tangu lini?"

"Siku nane."

Shemeji alikiweka kisu chake chini kwanza, polepole, kisha akamshukia kwa ngumi. "Unamuua! Unamuua mke wangu!" Kila neno na kipigo chake. Shoka alipandwa na mori, akanyakua ndoano ya kutundikia nyama, akaizungusha huku na huku hadi ikamchana shemeji sikio. Watu wakakimbia. Lakini nguvu hana, njaa imezila zote. Alipigwa ngwala akaanguka chali, nyusi ikapasuka, na buti za mpira zikaanza kazi. Mbavu mbili zililia kama kuni kavu. Damu yake na ya ng'ombe zikachanganyika sakafuni.

Kisha buti likainuka juu ya ubavu wake wa kulia, pale lilipo ini. Shoka aliliona. Alijikunja akafumba macho.

Buti halikushuka. Alipofumbua macho aliona mguu umesimama hewani, na shemeji analia, makamasi na damu vimechanganyika kwenye taya lile bovu. Kisha akazunguka, akampiga teke upande wa kushoto.

Daktari alipokuwa akimshona nyusi alimtazama mwili mzima. "Kushoto umeumuka, kulia huna hata mkwaruzo. Nani kakufanya hivi?"

"Niliteleza."

"Uliteleza kwa akili sana." Akampa majibu ya damu: njaa ilikuwa imeliudhi ini, na siku zimepotea. "Utakula kidogo kidogo, kila siku, ulichoambiwa. Na utatembea. Ukinidanganya tena, usirudi."

Shemeji, sikio limefungwa bandeji, alimlisha uji wa nafaka kwa kijiko. Alimbana kidevu kila kijiko. Mbavu zilipoanza kushika walirudi ukutani, kwanza kutembea, kisha kukimbia. Fimbo ilikuwepo, ila ilikaa kwapani. Dada hakuambiwa lolote, na Shoka hakwenda wodini na uso ule. Presha ikashuka, sukari ikatulia. Wiki ya kumi wakapima.

"Tisa," daktari alisema, na kwa mara ya kwanza akacheka.

Asubuhi ya upasuaji, Shoka alipoziona zile taa na vile visu vimepangwa kwenye sinia, alipagawa. Ameua ng'ombe maelfu na hadi leo hakujua hofu yao. Aliwatupa manesi watatu ukutani. Ikabidi shemeji aitwe. Alimbana mabega kwa mikono yake ya kuchunia ngozi.

"Tulia, fahali."

"Ukimpiga tena dada yangu kofi," Shoka alisema, meno yakigongana, "nitakuvunja upande uliobaki."

"Nusu yake utakuwa wewe. Nani atathubutu?"

Siku ya nne baada ya upasuaji manesi walimsukuma Shoka kwa kiti cha magurudumu hadi kwa dada. Umanjano ulikuwa umeanza kumtoka machoni, na kwa macho hayo aliona kovu la nyusi.

"Nani amekupiga?" Sauti ilikuwa hafifu, lakini ile ile ya zamani, ya kumfukuzia watoto wakorofi wa jirani. Alishika ukingo wa kitanda kama anayetaka kushuka. "Nitajie, nimfuate."

Shoka alimwangalia shemeji, sikio lililokatika ncha na taya lile la upande. Miaka kumi na moja alikuwa akiingoja nafasi kama hii.

"Niliteleza, dada," alisema.