Kivuli cha Kubeba

Kila asubuhi, kabla chai haijapoa, fundi wa mabegi alimvalisha mama yake kandambili mguu wa kulia na soksi iliyokatwa kidole mguu wa kushoto, akampa fimbo yake, wakashika njia ya hospitali. Mama alikuwa na kidonda ndugu juu kidogo ya kifundo cha mguu. Muuguzi alishasema bila kuzungukazunguka: kisafishwe kila siku, Jumapili ikiwemo. Siku zikirukwa, mguu utakatwa.

Njia yenyewe haikuwa ndefu, ila mama aliirefusha kwa maneno. Kila wakipita penye kalvati, pale mfereji unapopita chini ya njia, alikuwa akisema: njia hii ndiyo iliyomuua baba yako. Mumewe alikuwa ametoka nyumbani kwa miguu mwaka juzi, kifua kikimbana, na jioni hospitali ikawaambia alifia njiani. Siku ile fundi alikuwa na mabegi ya shule ya kumalizia, akamwacha mzee atangulie peke yake. Kwa hiyo pale penye kalvati alimshika tu mama kiwiko wakavuka.

Shida kubwa ilikuwa nje ya geti. Wagonjwa walisubiri hapo, kando ya barabara, mpaka mlinzi awaite, na mlinzi hakuwa na haraka na mtu. Aliyemuuliza chochote alimjibu "subiri kidogo," mpaka watu wakamwita Subiri, na mwenyewe akawa anaitika. Zamani palikuwa na mti mkubwa ambao wagonjwa walikaa chini yake. Katibu wa hospitali akaamuru ukatwe kwa sababu ndege walikuwa wanalichafua gari lake. Toka hapo jua liliwapiga watu utosini, na ukuta mweupe wa hospitali ukawamalizia na chenji. Mama alishaanguka zaidi ya mara moja. Safari ya mwisho walipomwinua alijipangusa vumbi taratibu, akamwambia mwanawe kwamba yeye basi, hatoki tena nyumbani, na kama ni mguu, wanaoutaka waje na msumeno wao.

Fundi alimjua mama yake. Akisema basi, ni basi. Akarudi kwenye kibanda chake cha kazi, akasogeza pembeni mabegi ya wateja, akaanza kutafuta kitu ambacho mama angeweza kutembea nacho na kikamkinga, kisizidi uzito wa mkoba na kisihitaji mkono, maana mkono mmoja una fimbo na mwingine umemshika yeye.

Kwanza alishona mkanda wa kufungia mwavuli mgongoni. Wakaujaribu uani, upepo ukaja, mwavuli ukapinduka na kumvuta mama hadi kwenye kamba ya nguo. Mke wa fundi, ambaye ulimi wake haukai na deni, alisema kama nia ni kumrusha mkwe wake angeambiwa mapema amfungie chakula. Baadaye fundi akatengeneza kiti cha kukunja chenye paa la turubai. Kilikaa vizuri na kilikunjika vizuri. Mama alikaa humo kidogo tu, akatoka jasho likimchuruzika, akasema alidhani anaingia kivulini, kumbe anaokwa. Isitoshe, Subiri alikuwa ameshakikataa, kwamba kingeziba njia ya gari la katibu.

Nyuma ya hospitali, karibu na chumba cha kufulia, palikuwa na jalala la vitu vikavu. Fundi alizoea kwenda pale kuokota maganda ya magodoro yaliyotupwa, yale mazito ya plastiki, ambayo ni mazuri sana kwa vitako vya mabegi. Chini ya magodoro, siku hiyo, alikuta kivuli cha mti. Vibarua walioukata walikuwa wameambiwa wasiache uchafu, basi wakapakia magogo, wakafagia majani, wakakunja na kivuli kama mkeka, wakakitupa huko. Kilikuwa na unyevu na sisimizi kadhaa, lakini hakikuchanika mahali. Fundi aliomba ruhusa kwa mama wa kufulia. Yule mama akamwambia achukue tu, kilikuwa kinamkawizia mashuka kukauka.

Kilikuwa kizito kuliko alivyofikiri. Alidhani ni unyevu, akakibeba begani mpaka nyumbani.

Hapo ndipo alipofanya kosa la watu wa cherehani. Fundi alikuwa na kawaida ya kukata vitambaa saa sita mchana, mwanga ukiwa umejaa mlangoni na jicho haliwezi kudanganya. Akakitandaza kivuli saa sita, akakata. Lakini kivuli, hata kama mti wake haupo, bado kinafuata saa zake. Saa sita kilikuwa kimejikusanya chote, na mkasi ukang'oa kipande cha katikati kisichozidi sinia. Mkewe alicheka mpaka akaketi chini. Kipande kile akakichukua kufunikia mtungi, na maji yakawa baridi, watu wakafurahi. Mara mojamoja mtu alikohoa humo mtungini. Watoto walishtuka siku ya kwanza tu, kisha wakawa wanamwambia pole.

Kilichobaki fundi alikikata saa kumi, kimenyooka. Kivuli hakishiki chaki, kwa hiyo alikiwekea alama kwa pini, na sindano aliipitisha kwa kukisia, maana haikuacha tundu. Alikishonea begi lenye bitana nyeupe ili mtu aone kilipo akifungua. Zipu aliweka nene, yenye pete kubwa ya kuvutia, kwa ajili ya vidole vya mama ambavyo asubuhi huwa vimekakamaa. Mkanda wa begani aliupanua usimkate. Na kwenye ukingo wa kivuli aliacha pindo pana la akiba, kama linavyoachwa kwenye suruali ya mtoto anayeanza shule. Hakuwa na sababu. Ni mkono wake tu ndivyo ulivyofundishwa.

Mama alikijaribu uani. Alikaa, akanyoosha mguu wenye kidonda, akatazama juu ambako hapakuwa na kitu, akafumba macho. Alisema hapa sawa. Mke wa fundi alisimama mlangoni akingoja mkwewe aongeze neno la kulaumu, mwishowe akarudi jikoni. Jioni mama akakubali kwenda hospitali siku moja, ya majaribio, na asipopata nafuu wasimwambie tena habari za mguu.

Asubuhi wakapita penye kalvati, mama akasema maneno yake. Walipofika getini fundi akavuta zipu, akakikung'uta kivuli, akakitandaza mahali palepale uliposimama mti. Kilikaa vizuri, na matawi yake na madoa yake ya mwanga, hata kikayumba kidogo ulipopita upepo. Watu walikuwa wameshakaa ndani yake. Palikuwa na kijana aliyefungwa kitambaa kichwani, na mwanamke mjamzito aliyejishika kiuno, na wengine nyuma yao, kila mmoja kwenye nafasi yake, wamechoka kwa namna ya watu waliokaa sehemu moja muda mrefu. Nyayo zao hazikuwa na vumbi. Wagonjwa waliokuwa juani wakawaamkia, wakasogea wakaingia kivulini, na kwa sababu foleni ni foleni wakauliza kama inavyoulizwa kila mahali: nani wa mwisho?

"Mimi hapa," akasema mzee mmoja mwenye shati la bluu lililofungwa vifungo mpaka shingoni.

Mama alimtazama. Vifungo vile alivifunga yeye mwenyewe mwaka juzi.

"Basi mimi nakufuata wewe," akasema, akaketi.

Walikaa bega kwa bega kama watu wanaosubiri usafiri. Mzee aliuliza habari za mguu, akaambiwa. Akauliza habari za watoto, akaambiwa. Kisha, kwa kuwa fundi alikuwa bado amesimama na begi tupu mkononi, mzee akamweleza kwa utulivu kwamba siku ile alifika mapema, watu bado hawajawa wengi, akakaa chini ya mti. Kifua kilikuwa kinabana. Akamwambia mlinzi, mlinzi akamwambia asubiri kidogo. Ndiyo anasubiri.

Mama akamgeukia mwanawe.

"Kumbe hakufia njiani, mwanangu. Alifika."

Fundi alilia palepale, mbele ya watu, ameshika pete ya zipu. Mama akamvuta akakaa, akamfuta uso kwa ncha ya kanga yake, akamwambia yale maneno ya pale kwenye kalvati ameyafuta yote, asiyaweke moyoni. Na kweli hakuyasema tena.

Subiri alipotoka aliwaona wote. Alimkumbuka mzee vizuri, akamuuliza kifua kinaendeleaje. Fundi akamwomba awaingize hawa wa mbele kwanza, walitangulia. Subiri, ambaye hakuwa mtu mbaya, alijikuna shingo akasema yeye amepewa amri ya kuruhusu walio hai tu, na hata hao asiwaruhusu kwa pupa. Fundi akapanda ofisini. Katibu alimsikiliza akiwa dirishani, kwa sababu kutokea hapo analiona gari lake. Akajibu kwamba hospitali ilishaeleza kuwa mzee alifia njiani, na haijabadili maelezo. Na kama sasa ameonekana getini, basi ni dhahiri kwamba alichelewa kufika.

Fundi akashuka. Siku hiyo walio hai waliitwa mmoja mmoja, na kila aliyeinuka aliwaomba radhi wale wa mbele kwa kuwaruka. Mama alipoitwa mzee alimshika mkono kumsaidia kunyanyuka.

Kesho yake hapakuhitajika kubembelezana. Mama aliamka kabla ya jogoo wa jirani, akajipaka mafuta, akauliza begi liko wapi. Wale watu wa kivulini walikuwa wamelalamika kwamba katikati pana tundu, na kuna mwenzao mmoja, mama wa kikohozi, hawamwoni siku kadhaa sasa. Fundi alielewa mara moja. Akakitoa kile kipande kwenye mtungi, akakiweka kiraka mahali pake kwa mshono wa mara mbili, na mama wa kikohozi akaketi kwenye nafasi yake akisema maji ya nyumba ile ni matamu na watoto wamelelewa. Mke wa fundi alinung'unikia maji ya vuguvugu jioni nzima. Hata hivyo asubuhi iliyofuata alipeleka birika getini, akawaamkia wote, na mkwewe wa shati la bluu akamwita mwanangu kama zamani.

Hivyo ndivyo mguu ulivyopona. Mama hakuruka siku hata moja, mvua wala jua. Kidonda kikajaa nyama, kikavuta ngozi mpya laini. Muuguzi mwenye mkono mwepesi akampiga begani, akamwambia asirudi tena, na kwamba yeye akimkumbuka atavumilia tu.

Mama akatoka nje akiwa amevaa kandambili zote mbili. Fundi akaanza kukunja kivuli kuanzia ukingoni, kwa uangalifu, akimwambia baba yake: sasa twende nyumbani, uani pana nafasi, na mkweo na wajukuu wanakungoja. Si ndiyo maana alikishona kiwe cha kubeba.

Mzee aliweka kiganja chake juu ya ukingo.

"Hapana, baba," alisema. "Wa mbele yangu si wengi. Nikiondoka sasa nitapoteza nafasi."

Fundi alimtazama mama yake amsaidie kusema. Mama alikuwa ameshaketi tena, mguu mzima na mguu uliopona mbele yake, akipanga mikunjo ya nguo. Fundi akakitandaza kivuli upya.

Toka hapo kilibaki pale. Mama alikuwa akienda kila asubuhi bila kidonda, na hakuna aliyemuuliza anaumwa nini. Watu walizoea. Katibu naye alifurahi, maana malalamiko ya jua yalikwisha. Palikuwa na mabati yaliyonunuliwa kwa ajili ya banda la kusubiria wagonjwa. Akaona hayana kazi tena, akajengea banda la gari lake. Na kwa kuwa sasa wagonjwa wanapumzika vizuri nje, akaamuru geti liwe linafunguliwa baadaye kidogo. Alimtumia fundi salamu za shukrani kupitia kwa Subiri.

Asubuhi moja fundi alipomleta mama alikuta pamebanana. Seremala wa mtaa wa pili, aliyekuwa akija na tumbo lililovimba, alikuwa amekaa nyuma ya baba yake. Jana alikuwa upande wa walio hai. Leo nyayo zake zilikuwa safi. Aliwapa salamu, akasema jana aliambiwa asubiri kidogo. Mama alibaki amesimama na fimbo asiyoihitaji tena, hana pa kukaa. Kando yake alisimama msichana aliyembeba mtoto mwenye homa, nusu kivulini nusu juani. Msichana aliuliza nani wa mwisho, na seremala akainua mkono.

Geti likafunguka kiasi cha kichwa. Subiri akachungulia, akawaangalia wote, akasema wasubiri kidogo, akafunga.

Mzee alinyoosha kola ya shati lake la bluu, akamgeukia msichana.

"Umemsikia?" alisema. "Kidogo tu."

Fundi alipiga goti kwenye ukingo, akatafuta mshono kwa vidole. Akatoa wembe kwenye mfuko wa shati, akaanza kufumua lile pindo la akiba, kivuli kimfikie na msichana.