Shuka Halikunjwi na Mtu Mmoja

Mama Mapacha na wifi yake walikuwa wamenuniana mwaka wa sita sasa, na kila siku ya kazi walishikana mikono mara mia mbili.

Usishangae. Walikuwa wakunjaji wa mashuka katika chumba cha kufulia cha hospitali, na shuka la hospitali halikunjwi na mtu mmoja. Mmoja anashika pembe mbili huku, mwenzake anashika mbili kule, wanarudi nyuma, wanalivuta, wanalikung'uta, wanalikunja kwa urefu. Kisha wanatembea mpaka wakutane katikati, pua kwa pua, mmoja anamkabidhi mwenzake pembe zake na kuinama kuokota mkunjo wa chini. Hapo vidole lazima viguse vidole, utake usitake. Mama Mapacha alikuwa akilitazama sikio la kushoto la wifi yake, na wifi yake alikuwa akiitazama saa ya ukutani. Na kwa kukunja, haki ya nani, hawakuwa na mpinzani.

Wakiwa na la kuambiana walimtumia mpiga pasi, mzee mmoja mpole mwenye masharubu.

"Mpiga pasi, mwambie mtu fulani doa hilo halijatoka."

Mtu fulani yuko hatua nne, kasikia kila neno, lakini anasubiri mpaka mzee wa watu aweke pasi chini, ageuke, arudie.

"Anasema doa halijatoka."

"Mwambie nina macho."

"Anasema ana macho."

Mzee alikuwa ameshaomba kuhamishwa mara mbili.

Kisa? Gauni. Siku Mama Mapacha alipomwoza binti yake, yule pacha mkubwa, alivaa gauni la kijani lenye marinda, kalishona mwenyewe wiki tatu, na alipoingia ukumbini hata wakwe waligeuza shingo. Ndipo wifi yake akapaza sauti mbele ya meza ya wakwe: "Jamani, hilo si pazia la wodi ya wazazi?" Meza nzima ikaangua kicheko. Bwana harusi naye alicheka, kisha akajifanya anakohoa.

Sasa tusifichane, mimi sipendi hadithi za kufichana. Lilikuwa pazia. Hospitali ilibadilisha mapazia, ya zamani yakatupwa, naye akaona kitambaa kizuri kinakwenda kuoza bure. Lakini nani kasema kweli haiumi? Uongo utaukana, utaapa, utamwita mtu mzushi. Kweli unaimeza na miiba yake. Mama Mapacha alikaa kwenye kiti cha mama wa bibi harusi, amenyooka, akitabasamu kwa meno tu, na kila rinda la gauni lile likimchoma.

Siku ya tatu wifi yake alikuja nyumbani kuomba radhi. Akabisha hodi.

"Hayupo!" ilijibu sauti kutoka ndani.

"Nani anayesema hayupo?"

"Mwenyewe!"

Basi, ikawa hivyo. Mume wa Mama Mapacha, ambaye ndiye kaka wa huyo wifi, akawa mtu wa kwenda kumsalimia dada yake kwa kunyata, kama anakwenda kuiba kuku.

Miezi minne kabla ya siku ninayotaka kuisimulia, Mama Mapacha alianza kuhisi jambo kwenye shuka. Ukikunja na mtu miaka mingi, unamjua kwa mvuto wa kitambaa kuliko unavyomjua kwa sura. Upande wa pili ulikuwa umelegea. Pembe ya kulia ilikuja chini kila mara, na walipokung'uta, upande ule ulitikisika kidogo tu. Akatupia jicho. Wifi yake hakuwa akiinua mkono wa kulia kupita kifua, na akijaribu, alikuwa anafumba macho.

"Bega limekwisha," Mama Mapacha alijisemea. Hakumwambia mtu. Mumewe hakujua, mpiga pasi hakujua. Alijua yeye na shuka.

Na usidhani alisikitika. Aliona raha! Alikwenda nyumbani akiimba, mpaka mumewe akauliza kuna nini.

Kisha likaja tangazo. Msimamizi mpya, kijana aliyependa kutembea na saa mkononi na ubao wa karatasi kwapani, alisema watapimwa wote, wawili wawili: mashuka ishirini kwa robo saa. Asiyeweza atapumzishwa. Neno tamu hilo, kupumzishwa, lakini kila mtu alijua maana yake ni kukabidhi sare na kwenda zako. Wifi yule alikuwa mjane, amebakiza miaka miwili astaafu, na nyumbani kwake kulikuwa na wajukuu watatu waliokula kwa mikono yake hiyo hiyo.

Asubuhi ya kupimwa, Mama Mapacha alivaa sare yake akiwa na mpango safi kabisa. Hakutaka kufanya ubaya wowote, hasha! Angevuta kama anavyovuta siku zote, basi. Shuka lenyewe lingesema. Naye angerudi nyumbani na mikono myeupe, hana dhambi hata ya kuombea toba.

"Mko tayari?" Msimamizi aliuliza.

"Tayari," walisema wote wawili, kila mmoja akimtazama Msimamizi.

Shuka la kwanza. Wakashika pembe, wakarudi nyuma, Mama Mapacha akavuta kama siku zote. Pembe ya upande wa pili ikachomoka, shuka likaanguka sakafuni lote.

Mpiga pasi alinyanyua pasi akaiacha hewani. Wifi yake alikuwa ameshika bega kwa mkono wa kushoto, midomo imekaza, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka sita hakuitazama saa ya ukutani. Alimtazama Mama Mapacha. Hakuwa anaomba. Angeomba, Mama Mapacha angejua la kufanya, maana jibu alilitunza tangu siku ya harusi. Alikuwa anamtazama tu, kama mtu anayesubiri kupigwa na anajua atapigwa na nani.

Weee, moyo una mambo! Mama Mapacha alitafuta ile raha yake akaikosa. Aliona uso wa mtu mzima umeaibika mbele ya watu, na uso huo aliujua, maana aliwahi kuuvaa.

"Nani ameachia?" Msimamizi aliuliza, kalamu juu ya karatasi.

"Mimi," alisema Mama Mapacha.

"Limeanguka upande wake."

"Nimevuta mno, bosi. Nina mkono mzito. Kamuulize mume wangu, mlango wa kwetu hauna kitasa."

Mpiga pasi alicheka mpaka masharubu yakatetemeka. Msimamizi hakucheka, akaandika.

Wakaanza upya. Safari hii Mama Mapacha hakuvuta, alitembea. Badala ya kukutana katikati, alikwenda mpaka kwa wifi yake, akachukua pembe zote nne, akainama, akaokota, akarudi. Kukung'uta alikung'uta peke yake, kwa nguvu za watu wawili na hasira ya wanne. Wifi alibaki kusimama na kushika tu, mkono wa kulia umebanwa kiunoni.

"Mbona wewe ndiye unayetembea peke yako?" Msimamizi aliuliza kwenye shuka la saba.

"Daktari kasema nipunguze mwili."

Kwenye shuka la kumi na tano alikuwa anahema kama injini mbovu. Kwenye la ishirini aliketi juu yake. Dakika kumi na nne. Msimamizi akawapitisha, lakini kwenye karatasi ya Mama Mapacha aliandika: *Anavuta vibaya. Aangaliwe tena mwezi ujao.* Mfanyakazi wa miaka kumi na tisa, hajawahi kuandikwa hata kwa kuchelewa! Jamani, wema nao una gharama zake.

Jioni, kwenye chumba cha kubadilishia nguo, walijikuta wawili. Wifi alikuwa anahangaika na kitambaa cha kichwa kwa mkono mmoja. Anakizungusha, kinateleza. Anakizungusha tena, kinamwangukia usoni. Mama Mapacha alivumilia mara tatu.

"Lete hapa!"

Mpiga pasi hakuwepo, ikabidi waongee wenyewe.

"Umemwona daktari?"

"Bado."

"Miezi minne! Tunafanya kazi hospitalini, wifi!"

"Wangejua, wangenitoa." Akamkazia macho. "Ulijuaje ni minne?"

Mama Mapacha akakunja kitambaa pembe tatu, akakinyoosha kwenye goti.

"Wifi," mwenzake alisema polepole, "lile neno la pazia..."

"Lilikuwa pazia."

"Najua lilikuwa pazia, nimelifua miaka tisa! Nilitaka kukusifu. Nilitaka kusema, jamani, hilo si pazia la wodi ya wazazi, na tazameni mikono ya wifi yangu ilivyoligeuza. Nikafika kwenye pazia, watu wakacheka. Sifa nikabaki nayo mdomoni."

"Miaka sita sifa yangu iko mdomoni mwako?"

"Nilikuletea. Ukaniambia hupo."

Mama Mapacha alitaka kukasirika, na alikasirika kweli, lakini hakujua amkasirikie nani. Akahesabu harusi alizokaa meza ya mbali, na misiba aliyolia upande wa pili wa chumba. Machozi yakamjia, akayameza kwa kelele.

"Geuka nikufunge," alisema. "Na kesho asubuhi kabla ya kazi tunakwenda kwa daktari. Kwa Msimamizi nitasema anayeumwa ni mimi, si nimeshaandikwa!"

Akamvika kitambaa, akavuta ncha mbili nyuma ya shingo, akakaza.

"Aa! Unanibana!"

"Vumilia. Hiyo ni ya miaka sita."

Wifi akaanza kucheka, kisha akawa analia, kisha vyote viwili. Mama Mapacha akalifungua lile fundo, akalifunga upya, taratibu, na alipomaliza akaiacha mikono yake pale pale kichwani mwa wifi yake.